Plamsi, fyulisi au nektarini: tunda lipi la kokwa linafaa kwenye biskuti za nyumbani?

Kaskazi ikishakolea, sado (ndoo ndogo za kupimia) za plamsi na fyulisi huanza kuteremka kutoka milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Soni na Mombo wauzaji huzipanga kando ya barabara zikiwa zimerundikwa mpaka juu, na baada ya siku mbili tatu zinakutwa kwenye masoko ya Kariakoo na Kisutu, Dar, nyingine zimeshapondeka kwenye tenga. Msimu ni mfupi: Desemba, Januari, Februari, basi. Wengi huziosha wakazila hivihivi, na si vibaya. Hapa zinapimwa kwa kazi nyingine: zikitiwa kwenye biskuti za kawaida za siagi, zinaipa biskuti ladha au zinaigeuza uji?

Hukumu kwanza. Plamsi ya Lushoto iliyo ngumu kiasi inashinda zote, alama 9 kwa 10. Fyulisi la hukohuko linapata 7, ila linataka kupikwa kwanza. Nektarini ya supamaketi, ile yenye stika, ambayo ni kama fyulisi lenye ganda laini, 6. Pichi za kopo 3, na hizo 3 ni za huruma. Kwa msomaji wa Kenya, plamsi ndizo plamu zinazouzwa barabarani upande wa Limuru na Kinangop, na fyulisi ndilo pichi. Zambarau haimo katika mashindano haya. Rangi yake inadanganya tu, haina undugu na plamsi.

Kinachoyatofautisha matunda haya ni maji. Plamsi ina maji kama asilimia 87, fyulisi kama 89. Ukitia gramu 150 za plamsi kwenye gramu 250 za unga, umetia na maji gramu 130 hivi, yaani zaidi ya nusu kikombe, ndani ya donge ambalo halikuhitaji hata kijiko. Kila hatua inayofuata hapa chini, kuanzia namna ya kuchagua hadi namna ya kuhifadhi, ni mbinu ya kuyashinda maji hayo. Anayefuata mapishi ya biskuti za zabibu kavu kisha akabadilisha zabibu kwa plamsi atapata chapati tamu.

Sokoni

Plamsi ya kuokea si plamsi ya kula. Ya kula inabonyea na juisi inakuchuruzika mkononi. Ya kuokea inagoma ukiibonyeza karibu na kikonyo, inakubali kidogo tu, lakini ganda limeshakuwa jekundu au la zambarau pande zote. Ile yenye bega la kijani bado haina harufu, na oveni haitaipa. Ule ukungu mweupe juu ya ganda ni nta ya tunda lenyewe. Ukiuona bado upo, jua plamsi haijashikwashikwa sana. Unatoka kwa maji.

Mwombe muuzaji amimine sado kwenye beseni kabla hujalipa. Sado hupangwa na mwenye akili: nzuri juu, zilizopasuka chini. Plamsi moja iliyopasuka huzilowesha tano zilizo jirani, na kufikia kesho yake zote zinanuka kama togwa.

Kama zote ni ngumu, zifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, uziache mezani siku moja au mbili. Usikimbilie friji. Hili ni muhimu zaidi kwa fyulisi na nektarini: zikikaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kabla hazijaiva, nyama yake inakuwa kavu na yenye nyuzinyuzi kama sufi ya mto. Nje linaonekana tunda zuri, ndani halina juisi wala ladha. Nektarini nyingi zinazotoka Afrika Kusini huchumwa ngumu ili zistahimili safari, kisha hukaa kwenye majokofu, ndiyo maana nyingine ukizikata unakuta sufi. Uzuri wake ni kwamba hazina malaika, yaani vinyweleo vya ganda, haina haja ya kuzimenya, na hukatika vipande vyembamba visivyovunjika. Kwa biskuti zenye kipande juu zinafaa. Kwa ladha, plamsi ya mlimani inaiacha mbali.

Mafyulisi ya Usambara ni madogo, yana malaika mengi na nyama nyeupe inayoelekea ukijani. Malaika hayaungui kwenye oveni; yanabaki ulimini kama vumbi la blanketi. Lazima yamenywe. Yachovye kwenye maji yanayochemka sekunde 30 hadi 40, yahamishie kwenye maji baridi, ganda litateleza. Likigoma, tunda halijaiva vya kutosha, basi tumia kisu. Likishamenywa linageuka kahawia upesi, kwa hiyo kamulia ndimu kijiko kimoja cha chai kwa kila gramu 200.

Donge

Kwa biskuti 20 hadi 22 za gramu 30 kila moja:

Unga wa ngano mweupe gramu 250
Siagi gramu 125
Sukari gramu 110
Kiini cha yai 1
Beking pauda kijiko 1 cha chai
Chumvi robo kijiko cha chai
Iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai
Plamsi gramu 200 zikiwa na kokwa, kama 5 au 6 za wastani
Kornfloo kijiko 1 cha chakula

Asiye na mizani atumie kikombe cha kupimia cha mililita 250. Unga ukimiminwa kwa kijiko bila kushindiliwa, vikombe 2 vinakaribia gramu 250. Ukichota moja kwa moja kwenye mfuko na kushindilia, kikombe hichohicho kinabeba hadi gramu 150, na biskuti zitatoka kavu kama udongo. Kikombe cha chai cha nyumbani si kipimo.

Yai zima halitakiwi. Ute wa yai karibu wote ni maji, na maji tayari tunayo ya kutosha. Kiini kinashikisha, kinatia rangi, kinatosha.

Siagi ndiyo inayowaangusha wengi. Soma kopo: siagi halisi ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Zile za kupaka mkate, nyingi zina mafuta pungufu ya hapo, na kilichobaki ni maji. Kwa kupaka mkate hazina neno. Kwa biskuti hizi zinaongeza maji juu ya maji. Samli inakubalika sana, na wapishi wa vileja hawatashangaa. Kwa kuwa yenyewe haina maji, tumia gramu 100 badala ya 125. Biskuti itakuwa ya kumumunyuka zaidi, na iliki itasikika vizuri zaidi kuliko kwenye siagi.

Piga siagi na sukari kwa dakika mbili tu, mpaka zichanganyike na rangi ipauke kidogo. Kupiga mpaka iumuke kama ya keki ni kosa hapa, maana hewa ile huifanya biskuti ivimbe kisha itandae. Tia kiini, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking pauda, chumvi na iliki. Changanya kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, uache. Donge litakuwa gumu na la kumeguka. Ndivyo linavyotakiwa, tunda litalilainisha.

Beking pauda, si beking soda. Ganda la plamsi lina rangi inayobadilika kwa uchachu: kwenye uchachu ni nyekundu, kwenye soda inakimbilia buluu na kijani. Biskuti ya plamsi iliyotiwa soda hutoka na madoa ya kijivu kuzunguka kila kipande, kama nguo iliyochujiwa rangi. Haina madhara, ila hakuna mgeni atakayenyoosha mkono.

Tunda

Plamsi nyingi za Lushoto haziachii kokwa. Kuzipasua katikati na kuzizungusha kama zinavyofanywa kwenye video kunaziponda tu. Kata mashavu kama unavyokata embe: shavu moja huku, jingine kule, halafu vipande viwili vyembamba vya ubavuni. Nyama inayobaki kwenye kokwa ni ya mpishi. Usiimenye plamsi, maana ukali na rangi vyote viko kwenye ganda. Kokwa zitupe, usishawishike kuzivunja na kusaga mbegu yake eti inanukia lozi. Mbegu hiyo ina kitu kinachogeuka sumu ya sianidi tumboni.

Kata vipande vya nusu sentimita. Vikiwa vikubwa zaidi ya hapo, unga unaokizunguka kila kimoja haukauki hata ukioka nusu saa. Ukikata mashavu hayo, weka ganda chini ubaoni, kisu kipite kwenye nyama kwanza; ganda likiwa juu, kisu kinateleza na nyama inasagika.

Sasa hatua ambayo haina njia ya mkato. Nyunyizia sukari kijiko kimoja cha chakula juu ya vipande, changanya, tia kwenye chujio juu ya bakuli, subiri dakika 20. Sukari inavuta juisi kijiko kimoja hadi viwili vya chakula, nyekundu ya kung'aa. Tikisa chujio, mwaga vipande kwenye kitambaa safi au tishu ya jikoni, kausha kwa kugusagusa bila kukamua. Kisha vinyunyizie kornfloo na uvitikise mpaka kila kipande kiwe na vumbi jembamba. Kornfloo inakamata juisi itakayotoka ndani ya oveni na kuifanya nzito badala ya kuiacha ikimbilie kwenye unga. Ukikosa kornfloo, wanga wa muhogo unafanya kazi ileile.

Ingiza vipande kwenye donge kwa mkono, kwa kukunja, mara nane au kumi. Donge likianza kuwa la waridi, umezidisha.

Lifunge liingie friji dakika 30. Jiko la Dar mwezi wa Januari lina joto la nyuzi 32, na kwenye joto hilo siagi imeshakaribia kuyeyuka kabla hata oveni haijawashwa. Lakini lisikae humo zaidi ya saa moja, maana sukari ya donge inaendelea kuvuta juisi, na utakuta dimbwi jekundu chini ya bakuli. Anayetaka kuandaa leo aoke kesho aweke donge tupu kwenye friji, tunda alikate wakati wa kuoka.

Moto

Nyuzi 175, trei ya katikati, karatasi ya kuokea chini. Bumba viduara vya gramu 30, vibonyeze vibaki na unene wa sentimita moja na robo, acha nafasi ya vidole vitatu. Sukuma ndani kipande chochote kinachogusa trei. Sukari ya tunda ikigusa bati inaungua na kushika kama gundi. Dakika 16 hadi 18. Biskuti zisizo na tunda zingetosha dakika 12, hizi zinahitaji muda wa ziada wa kukausha.

Alama ya kuiva ni ukingo wa kahawia na uso usioacha kidole kikiwa na unyevu. Usitazame rangi ya katikati, plamsi inaichafua. Inua moja kwa kisu: chini iwe ya rangi ya asali yote, isiwe na doa jeupe la unyevu katikati. Likiwepo, rudisha dakika 2 hadi 3. Ziache juu ya trei dakika 5, kisha zihamishie kwenye waya. Zikipoa juu ya trei mpaka mwisho, mvuke wake mwenyewe unazilowesha chini.

Kwa jiko la mkaa inawezekana, na matokeo si haba. Sufuria nzito yenye mfuniko bapa, vijiwe vitatu ndani, sahani ya bati juu yake. Pasha sufuria tupu dakika 10. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Kosa la kawaida ni moto mwingi chini: biskuti inaungua tako huku juu bado mbichi. Chungulia dakika ya 12, wala si kabla, kwani kila ukifunua unapoteza joto la juu lote.

Zikitoka vibaya

Zimetandaa na kuungana: siagi ilikuwa laini mno, au ni ile ya kupaka yenye maji, au tunda halikukaushwa. Oka moja ya majaribio kabla ya trei nzima. Ikitandaa, ongeza unga vijiko 2 vya chakula na urudishe donge friji.

Zimeiva ila zina utepe wa unga mbichi kuzunguka tunda: vipande vikubwa, au plamsi iliyoiva kupita kiasi. Hapa hakuna dawa baada ya kuoka.

Ngumu kama tofali: unga umezidi, au donge limekandwa kama la maandazi.

Chachu mpaka jino linashtuka: plamsi hukolea uchachu zikipata moto, hasa ganda. Ukionja mbichi ukakunja uso, ongeza sukari gramu 20 kwenye donge. Usiongeze kwenye tunda, utavuta maji zaidi.

Za shimo, kwa ajili ya fyulisi

Fyulisi bichi ndani ya donge halisikiki, utamu wake ni mpole mno na siagi inaufunika. Lifanye jamu ya haraka. Gramu 300 za fyulisi lililomenywa na kukatwa, sukari gramu 80, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula, moto wa wastani, dakika 15 hadi 20 ukikoroga. Imeiva pale mwiko unapopita chini ya sufuria na njia yake kubaki wazi kwa sekunde mbili. Fyulisi lina pektini kidogo, kile kinachogandisha jamu, hivyo bila ndimu na bila subira jamu inabaki sharubati. Plamsi kwa kipimo hichohicho zinaganda kwa dakika 12 na hazihitaji ndimu.

Tumia donge lilelile bila tunda na bila beking pauda, ili shimo lisifumbe. Viduara vya gramu 20, bonyeza shimo kwa mpini wa mwiko, tia jamu nusu kijiko cha chai iliyopoa kabisa. Nusu, si zaidi, maana ikizidi inachemka na kumwagika. Nyuzi 175, dakika 14. Hizi ndizo zinazofaa kupeleka safari au kuuza, kwa kuwa jamu haina maji ya kulowesha unga upesi. Zinakaa siku tano kwenye kopo. Za plamsi mbichi zina siku moja ya ukavu, na ya pili kama hali ya hewa si ya Tanga.

Embe, kwa wanaouliza, nalo ni tunda la kokwa kwa hesabu ya wataalamu wa mimea. Kwenye biskuti dodo linafaa kwa jamu tu. Likitiwa bichi linaacha nyuzi na unyevu. Aprikoti mbichi ni nadra sokoni kwetu. Zilizokaushwa zinauzwa, lakini hilo ni pishi jingine. Pichi za kopo zimeshapikwa na kuloweshwa kwenye sharubati, hata zikikaushwa usiku kucha zinabaki teketeke. Hizo alama 3 ni kwa ajili ya mwezi wa Julai, wakati hakuna kingine.

Kuhifadhi: zisubiri zipoe kabisa, saa moja nzima, kabla ya kufunika. Kopo lenye karatasi ya jikoni chini. Biskuti za plamsi mbichi zikae friji siku tatu mwisho, baada ya hapo ukungu huanzia palepale penye tunda. Zikilainika, oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5 inazirudishia ukavu ukingoni, katikati zitabaki laini.

Ile juisi nyekundu iliyochuruzika kwenye bakuli usiimwage. Kijiko kimoja cha chakula kwenye gramu 90 za sukari ya unga kinatoa urojo wa waridi wa kuchovya nusu ya kila biskuti ikishapoa. Ikiwa nyepesi ongeza sukari, usiongeze tone la maji. Iliyobaki itie kwenye glasi ya soda baridi.